Lugha ya Maelezo ya Toleo katika Programu Huria: Mafunzo kutoka Kahama na Geita

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu aina moja ya matini ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaishughulikia vya kutosha, nayo ni maelezo ya toleo. Kwa istilahi hii tunakusudia matini fupi inayoambatana na programu ya kompyuta au ya simu kila inapotolewa upya, yenye kumweleza mtumiaji ni kipi kimeongezwa, kipi kimebadilika, kipi kimeondolewa na kasoro zipi zimerekebishwa. Katika kampuni za biashara matini hii huandikwa na waajiriwa. Katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, aghalabu huandikwa na watu wanaojitolea: mwanafunzi baada ya vipindi, mhasibu baada ya saa za kazi, mwalimu wakati wa likizo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini idara ya Kiswahili. Jibu nililipata Kahama, mkoani Shinyanga, nilipokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, alinionyesha daftari lake la malalamiko. Chama hicho kilikuwa kikitumia programu ya bure kutunza kumbukumbu za mikopo. Siku moja kijana wa kompyuta aliwawekea toleo jipya. Tangu siku hiyo tarehe iliyoandikwa 5/8, ambayo awali ilisomwa tarehe 5 Agosti, ikawa inasomwa tarehe 8 Mei. Mikopo ambayo muda wake ulikuwa haujafika ikaonekana imechelewa kwa miezi mitatu, na programu ikatoza faini yenyewe bila kuulizwa. Waliotozwa wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa mchele na mama lishe. Fedha zilirudishwa baada ya vikao viwili, lakini mama mmoja alijitoa katika chama na hajarudi. Katibu aliniuliza: “Mwalimu, hawa watu waliandika au hawakuandika?”

Nilitafuta. Walikuwa wameandika. Ulikuwa mstari mmoja wa Kiingereza, katikati ya mistari kama arobaini, uliosema kwamba mazingira ya lugha ya kuanzia yamebadilishwa. Mstari huo haukutaja tarehe wala faini.

2.0 Chimbuko la matini hii

Desturi ya kuwaeleza watumiaji mabadiliko ni kongwe katika jumuiya za programu huria. Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, uliweka katika kanuni zake za uandishi tofauti ambayo mpaka leo haijapitwa na wakati. Kila programu inatakiwa kuwa na mafaili mawili. La kwanza ni daftari la mabadiliko, ambamo kila badiliko la msimbo huandikwa kwa ajili ya watunga programu wenzao. La pili ni faili la habari, ambamo huandikwa mambo yale tu ambayo mtumiaji atayaona. Kiisimu, tofauti hii ni ya hadhira: tukio ni lile lile, msomaji ni mwingine, na kwa hiyo matini ni nyingine. Makosa mengi ya watu wanaojitolea huanzia hapa. Huchukua daftari la watunga programu na kulifanya habari ya watumiaji kwa kulitafsiri tu.

Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 na unaoendeshwa na watu wanaojitolea, hutoa maelezo marefu kwa kila toleo lake thabiti, na wafasiri wa kujitolea huyaweka katika lugha kadhaa. Maelezo ya matoleo ya LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, huandikwa kwenye kurasa ambazo wachangiaji wengi huzihariri kwa pamoja.

Nasi tuna historia yetu, na ni vema kuikumbusha kwa sababu vijana wengi wanaodhani wao ndio wa kwanza hawaijui. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotokana na mradi wa Kilinux, ambao wataalamu wa chuo hicho waliuendesha kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden. Kazi kubwa ya mradi ule ilikuwa istilahi: nini kiwe faili, nini kiwe menyu, nini kiwe jedwali. Hilo lilistahili. Hata hivyo, istilahi ni maneno, na maelezo ya toleo ni sentensi. Orodha ya istilahi haimwambii mwandishi atumie njeo gani.

3.0 Njeo na hali

Kichwa cha habari cha kasoro katika Kiingereza cha watunga programu huwa ni kirai kisicho na kitenzi chenye njeo. Mwenye kujitolea akikifasiri kama kilivyo hupata sentensi kama hii:

(1) Programu kuzimika unapofungua picha kubwa.

Kitenzi-jina hakina njeo. Msomaji wa Geita anayesoma (1) hawezi kujua kama anaonywa kwamba programu itazimika au anapewa habari njema kwamba haizimiki tena. Kichwa kisemacho “Marekebisho” kilichoko juu ya orodha kingeweza kumsaidia, lakini katika simu yenye kioo kidogo kichwa hicho kimeshapita juu zamani. Wengine hukimbilia hali ya mazoea:

(2) Programu huzimika unapofungua picha kubwa.

Hapa mambo ni mabaya zaidi, maana (2) ni taarifa ya ukweli wa kudumu. Kiswahili kinacho chombo kinachofaa, nacho ni kitenzi kisaidizi cha wakati uliopita pamoja na -ki- ya kuendelea, kikifuatiwa na -me- ya hali timilifu:

(3) Programu ilikuwa ikizimika ulipofungua picha kubwa. Kasoro hiyo imerekebishwa.

Sentensi (3) ni ndefu, na kijana mmoja niliyemsahihisha alilalamika kwamba inajaza kioo. Ni kweli. Lakini urefu huo ndio gharama ya kutomwacha msomaji akibahatisha.

Suala la -li- na -me- lina upande mwingine katika eneo hili. Wasomaji wengi wa Shinyanga na Geita ni wazungumzaji wa Kisukuma, lugha ambayo, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu za Kanda ya Ziwa, hupambanua wakati uliopita kwa umbali wake: wa leo, wa karibuni na wa zamani. Kiswahili Sanifu hakipambanui hivyo. “Tulibadilisha” yaweza kuwa asubuhi ya leo au miaka kumi iliyopita. Mzungumzaji wa Kisukuma anayesoma Kiswahili huhisi pengo hilo, na kwa kawaida hulijaza kwa vielezi. Mwandishi wa maelezo ya toleo naye hana budi kulijaza, kwa tarehe na kwa namba ya toleo, katika kila kipengele ambacho mpangilio wa wakati una maana.

Kuhusu namba zenyewe, jambo moja dogo. Katika mifumo mingi ya kuhesabu matoleo, toleo la 2.10 hufuata toleo la 2.9. Mtu aliyefundishwa desimali vizuri na mwalimu wake wa hisabati ataona kwamba 2.10 ni ndogo kuliko 2.9 na kwamba amepewa programu ya zamani. Hana kosa. Nukta hapa si ya desimali, ni ya sehemu na vijisehemu, kama tunavyohesabu vifungu vya makala. Ubuntu imepunguza tatizo hili kwa kutumia mwaka na mwezi: toleo lake la kwanza, la Oktoba 2004, liliitwa 4.10.

4.0 Kanushi: ahadi na kukataa

Sehemu hii naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Maelezo mazuri ya toleo huwa na orodha ya kasoro zinazojulikana ambazo zingalipo. Kiswahili kina namna kadhaa za kusema kwamba jambo halikufanyika, na kila namna hubeba msimamo wa msemaji:

(4) Tatizo la kuchapa halikurekebishwa.
(5) Tatizo la kuchapa halijarekebishwa.
(6) Tatizo la kuchapa halitarekebishwa.

Mofimu -ja- katika (5) ina tarajio ndani yake. Mtu akikwambia “sijala”, humwachi aondoke bila kumkaribisha, kwa sababu amekiri kwamba kula bado kupo mbele yake. Kwa hiyo aandikaye (5) ameahidi, atake asitake. Mradi wa watu wanaojitolea hauna mishahara wala mkataba na msomaji. Aliyekuwa akiishughulikia kasoro ile huenda ameoa, amehamishiwa Tunduma, au amechoka. Nimeona maelezo ambamo “halijarekebishwa” imerudiwa toleo baada ya toleo, na watumiaji wakaacha kuamini hata sehemu zilizokuwa za kweli.

Kwa upande mwingine, (6) ni kukataa, na wengi wa wanaojitolea huona haya kuiandika. Hurudi kwenye (4), ambayo haisemi lolote kuhusu kesho. Pendekezo langu ni kwamba (5) itumike pale tu ambapo yupo mtu anayeishughulikia kazi hiyo, na (6) itumike pale ambapo uamuzi umefanywa, ikifuatiwa na njia mbadala: “Halitarekebishwa katika programu hii. Hifadhi faili kwanza, kisha lichape kwa programu nyingine.” Adabu ya Kiswahili haimkatazi mtu kukataa, inamtaka asimwache mwenzake mikono mitupu.

5.0 Kauli na upatanisho

Kauli ya kutendwa ndiyo inayotawala matini hii, na kwa haki, kwa kuwa msomaji anataka kujua kilichofanyika kabla ya aliyekifanya. Hatari iko katika kauli ya kutendeka. “Faili linafunguka” laweza kumaanisha kwamba linafunguka lenyewe, au kwamba linawezekana kufunguliwa. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika orodha ya mabadiliko ya usalama hatuokolewi: “Sasa nywila inaonekana” ni habari gani? Ni kwamba mtumiaji akitaka anaweza kuiona aliyoiandika, au kwamba jirani yake anaisoma begani? Liandikwe moja: “Unaweza kuiona nywila yako kwa kubonyeza alama ya jicho.”

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, desturi iliyoenea tangu miaka ya 2010 ni kugawa mabadiliko katika mafungu sita yenye vichwa vya neno moja: yaliyoongezwa, yaliyobadilishwa, yanayokaribia kuachwa, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa na ya usalama. Kiingereza hutumia kitenzi kisichopatana na chochote. Wafasiri wetu huandika “Imeongezwa” juu ya fungu lote, kana kwamba kila kitu duniani ni cha ngeli ya I-ZI, kisha chini yake wakaorodhesha kitufe, maneno na ukurasa. Nomino hutatua tatizo hilo bila jasho: Nyongeza, Mabadiliko, Maondoleo, Marekebisho, Usalama.

Limebaki fungu moja, la vile ambavyo vingali vinafanya kazi lakini mtumiaji anashauriwa aanze kuviacha. Neno linalotumiwa katika Kiingereza limetokana na Kilatini, kwa maana ya kuomba dua ili jambo liepushwe. Nimekuta limefasiriwa “vilivyopitwa na wakati”, “vilivyokataliwa” na hata “vilivyolaaniwa”. Hakuna hata moja linaloeleza kwamba kitu bado kipo na kinatumika. Mimi napendelea “Vinavyoaga”. Anayeaga yuko mlangoni. Bado unaweza kumwomba akusaidie kubeba mzigo, ila usimpangie kazi ya kesho.

6.0 Istilahi: somo kutoka machimboni

Wakati wanachuo wanabishana kama kompyuta iitwe ngamizi au tarakilishi, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Nyarugusu na Kakola wamekuwa wakijiundia istilahi za kiufundi bila kamati, na istilahi hizo zimeingia katika kinywa cha watumishi wa serikali na waandishi wa magazeti. Inafaa kuzitazama.

Zipo za kukopa na kutohoa: karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, rashi, yaani mahali dhahabu ilipovumbuliwa ghafla na watu wakafurika, matimba, magogo ya kushikilia kuta za shimo. Neno la tatu linavutia kwa sababu neno la Kiingereza la mbao limepewa kiambishi cha ngeli ya LI-YA na kuzoea kabisa, na sidhani wengi wanaolitamka wanakumbuka asili yake. Zipo pia za kupanua maana. Duara, neno la hisabati, limekuwa shimo la kuchimbia. Mwalo, ambalo kwa wavuvi wa Ziwa Victoria ni mahali mitumbwi inapotia nanga, limekuwa mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Marudio ni mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara moja, ambao hununuliwa na kuchenjuliwa tena.

Maneno haya yamedumu kwa sababu yalizaliwa kazini, midomoni mwa watu ambao wasingeelewana wangeumia. Zamu inayotoka duarani huiambia zamu inayoingia maji yamefika wapi, upande gani mwamba umelegea, matimba gani yamebadilishwa. Hayo ni maelezo ya toleo kwa mdomo. Hakuna anayesema “uboreshaji mbalimbali umefanyika”, kauli ambayo kwenye maelezo ya programu tunaisoma kila wiki.

Tuchukue sasa neno la mdudu. Watunga programu wa Kiingereza huita kasoro mdudu, na kisa cha nondo aliyekutwa ndani ya mashine huko Harvard mwaka 1947 husimuliwa sana, ingawa matumizi hayo ya neno kwa hitilafu za mitambo ni ya zamani zaidi. Baadhi ya vijana wetu huandika “Tumeua wadudu 12”. Kwao ni mzaha mwepesi. Lakini katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania mdudu limekuwa, kwa miaka mingi, jina la kificho la virusi vya UKIMWI. Programu huria hutumika pia katika afya: Tanzania Bara, taarifa za MTUHA kutoka zahanati na vituo vya afya hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mhudumu wa kituo cha afya kilicho jirani na machimbo hapaswi kusoma kwamba kuna wadudu katika rejesta ya wagonjwa. Kasoro inatosha. Kiraka, kwa rekebisho dogo linalobandikwa juu ya programu iliyopo, linafaa pia, maana kila aliyewahi kuendesha baiskeli analijua kwa mikono yake.

7.0 Majaribio ya kuandika upya

Nilirudi Kahama na rasimu. Nilikuwa nimeuandika upya ule mstari mmoja uliomgharimu katibu wangu vikao viwili na mwanachama mmoja. Rasimu ilisomeka hivi:

(7) Mabadiliko. Namna ya kusoma tarehe imebadilishwa. Hadi toleo lililopita, 5/8 ilikuwa ikisomwa 5 Agosti. Kuanzia toleo hili itasomwa 8 Mei. Badiliko hili linagusa tarehe za kurejesha mikopo na faini zinazotozwa kwa kuchelewa. Ukitaka utaratibu wa awali, fungua Mipangilio, kisha Tarehe, uchague siku-mwezi-mwaka.

Niliiona nzuri. Njeo zimekaa mahali pake, hakuna kirai kinachoning'inia, na madhara yametajwa kwa jina. Katibu aliisoma mara mbili, akaomba kalamu. Aliizungushia sentensi ya mwisho duara akaipeleka juu kwa mshale, ikawa ya kwanza. Kisha akafuta 5/8 kila ilipotokea akaandika “tano, mkwaju, nane”, akafikiri, akaifuta tena na kurudisha tarakimu. Chini kabisa akaongeza mstari ambao mimi sikuufikiria: “Kabla ya kuweka toleo hili, chapa orodha ya wadaiwa wote kwenye karatasi, muitie sahihi watu wawili.”

Nilimwuliza kwa nini watu wawili. Alisema mmoja anaweza kuwa yeye.

Rasimu yenye masahihisho yake niliipeleka kwa wenye mradi kwa kupitia kijana yule yule wa kompyuta, ambaye sasa amekubali kuwaandikia maelezo ya Kiswahili kwa kila toleo. Walipokea mstari wa karatasi na sahihi, wakauweka hata katika matini yao ya Kiingereza. Mpangilio wa kuanza na la kufanya waliukataa, kwa hoja kwamba unavunja mtindo wa lugha nyingine. Katika Kiswahili peke yake wameuruhusu.